Kuvizia Bei au Kushikilia Hisa: Uamuzi wa Mwekezaji Mdogo wa Karatu na Ngorongoro katika Soko la Hisa la Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inachunguza mjadala wa muda mrefu katika taaluma ya fedha kuhusu mbinu mbili za uwekezaji: kununua na kuuza hisa kwa kuvizia mabadiliko ya bei, na kushikilia hisa kwa miaka mingi bila kujali misukosuko ya soko. Mjadala huo umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya takwimu za Marekani, ambako mwekezaji hupokea mshahara kila mwezi na soko lina wanunuzi wakati wote. Makala inaujadili upya kwa kuzingatia mazingira ya mwekezaji mdogo wa wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, ambaye kipato chake hutegemea mvua, mifugo na watalii. Uchambuzi umetumia kumbukumbu za wazi za Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) na maandiko ya kitaaluma. Hoja kuu ni kwamba ushahidi unaunga mkono kushikilia kuliko kuvizia, lakini ushauri wa kushikilia haukamiliki mpaka ujibu swali linalotangulia: mwekezaji atawezaje kuepuka kuuza kwa kulazimika?

1.0 Utangulizi

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilisajiliwa mwaka 1996, na biashara ya kwanza ilifanyika Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja, TOL. Kwa miaka mingi iliyofuata soko hilo lilionekana kuwa jambo la wakazi wa Dar es Salaam na la wafanyakazi wachache wa serikali na mabenki. Kuanzishwa kwa Mfuko wa Umoja mwaka 2005, uuzaji wa hisa za benki za NMB na CRDB kwa umma katika miaka ya 2008 na 2009, na baadaye ununuzi wa hisa kwa simu kupitia huduma ya Hisa Kiganjani, vimelisogeza soko hadi mikononi mwa mkulima wa Karatu, mwongoza watalii wa Mto wa Mbu na mfugaji wa Ngorongoro mwenye mtoto anayesoma chuo.

Kufikiwa na soko, hata hivyo, si sawa na kulielewa. Mwekezaji mpya hukutana na shauri mbili zinazopingana. Moja humwambia anunue bei ikiwa chini na auze ikiwa juu, kauli ambayo hakuna mfanyabiashara wa gulioni asiyeikubali. Nyingine humwambia anunue, asahau, na arudi baada ya miaka kumi. Kila shauri ina methali ya kuitetea: subira huvuta heri, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtafiti hawezi kuamua kati ya methali. Anachoweza kufanya ni kuonesha kila shauri inadai nini kwa anayeifuata, na kama madai hayo yanatimizika katika mazingira yanayohusika.

2.0 Ufafanuzi wa dhana

Katika makala hii, kuvizia bei ni kitendo cha kuingia na kutoka sokoni kwa kutegemea utabiri wa mwelekeo wa bei katika siku, wiki au miezi ijayo. Kushikilia ni kununua hisa au vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja kwa nia ya kukaa navyo kwa miaka mitano au zaidi, huku gawio likipokelewa au kuwekezwa upya. Dhana ya tatu, ambayo mjadala wa kimataifa huipa nafasi ndogo, ni kuuza kwa kulazimika, yaani kuuza kwa sababu kaya inahitaji fedha taslimu wakati huo, wala si kwa sababu bei ni nzuri au mbaya. Tofauti kati ya dhana ya kwanza na ya tatu ni muhimu. Anayevizia huchagua siku ya kuuza, ilhali anayelazimika huchaguliwa siku na ukame, ugonjwa au ada ya shule.

3.0 Tafiti zinasema nini

Tafiti za awali kuhusu uwezo wa kuvizia soko zilifanyika Marekani. Treynor na Mazuy (1966) walichunguza mifuko 57 ya uwekezaji iliyosimamiwa na wataalamu, na kati ya hiyo ni mmoja tu uliotoa dalili za kutambua mapema mwelekeo wa soko. Miaka minne baadaye, Fama (1970) alifafanua nadharia ya soko fanisi, inayodai kwamba bei hubeba tayari taarifa zilizopo, na hivyo anayetumia taarifa hizohizo kutabiri hana faida ya ziada juu ya wengine. Sharpe (1975) aliliuliza swali kwa namna nyingine: mtu anayehama kati ya hisa na fedha taslimu anapaswa kupatia mara ngapi ili amzidi anayeshikilia tu? Jibu lake lilikuwa takriban mara tatu kati ya nne. Kupatia nusu ya mara, kama anayerusha sarafu, hakutoshi, kwa kuwa kila kosa lina gharama zake na kila siku ya kupanda inayokosekana hairudi.

Barber na Odean (2000) walihamishia swali kwa wawekezaji wa kawaida. Walichambua akaunti za kaya 66,465 za Marekani kati ya 1991 na 1996. Kaya zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata wastani wa asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilitoa asilimia 17.9. Kilichowaangusha hakikuwa hasa kuchagua hisa mbaya. Ilikuwa tozo, kwa sababu kila muamala humega sehemu ya mtaji.

Matokeo hayo hayatoshi kuufanya ushauri wa kushikilia kuwa kanuni isiyo na masharti. Bessembinder (2018) alionesha kwamba utajiri wote wa ziada uliozalishwa na soko la hisa la Marekani tangu mwaka 1926 ulitokana na takriban asilimia 4 ya kampuni. Aliyeshikilia kampuni moja iliyo nje ya hizo hakuokolewa na subira. Nchini Japani, kiashiria cha Nikkei kilifikia kilele Desemba 1989, na kilele hicho hakikupitwa hadi Februari 2024. Muda mrefu unaweza kuwa mrefu kuliko maisha ya kazi ya mtu.

4.0 Bei ya mahindi na bei ya hisa: mfanano unaopotosha

Mkazi wa Karatu si mgeni wa kuvizia bei. Mahindi huwa rahisi baada ya mavuno na hupanda kadiri maghala yanavyopungua kuelekea msimu unaofuata. Mwenye ghala kavu na asiye na deni la haraka husubiri, na mara nyingi husubiri kwa faida. Ni jambo la kawaida, basi, kwa mtu huyo kudhani kwamba ustadi uleule utamfaa katika hisa. Dhana hiyo inahitaji kuchunguzwa kwa makini.

Bei ya mahindi hupanda na kushuka kwa msimu kwa sababu tatu zinazoonekana: mavuno hutokea kwa wakati mmoja, kuhifadhi kuna gharama na hasara ya wadudu na unyevu, na wakulima wengi hawawezi kusubiri. Anayesubiri analipwa kwa kazi ya kuhifadhi na kwa uwezo wa kuvumilia. Hisa haina mavuno ya Julai, haihitaji ghala, na haishambuliwi na dumuzi. Kama ingejulikana kwamba hisa fulani itapanda Januari, wanunuzi wangeitafuta Desemba, na bei ingepanda hapohapo. Msimu unaojulikana na wote hujifuta wenyewe.

Hata katika mazao, kuvizia hufaulu dhidi ya mabadiliko ya msimu tu, si dhidi ya mshtuko. Agosti 2017 Serikali ya India iliweka ukomo wa uagizaji wa mbaazi. India ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu wa mbaazi za Tanzania, zikiwemo za Karatu na wilaya jirani za Mkoa wa Manyara, na bei ikaanguka vibaya. Aliyekuwa ameweka magunia akisubiri bei ipande, kwa hoja iliyokuwa sahihi miaka iliyotangulia, alibaki na mzigo. India ililegeza masharti hayo mwaka 2021, lakini miaka minne ni mirefu mno kwa gunia la mbaazi. Hisa inafanana na mbaazi ya 2017 kuliko mahindi ya kila mwaka: mabadiliko yake makubwa hutoka katika maamuzi na matukio ambayo mwenye hisa hana njia ya kuyajua kabla.

Kwa upande wa wafugaji wa Ngorongoro, mfanano wenye manufaa zaidi ni wa ng'ombe jike. Mfugaji hamuuzi mtamba kwa sababu tu bei ya mnadani imepanda wiki hii. Anamweka kwa ajili ya maziwa na ndama, kama mwanahisa anavyoweka hisa kwa ajili ya gawio na ukuaji wa kampuni. Lakini mfugaji huyohuyo anajua jambo ambalo vitabu vya uwekezaji hulitaja kwa haraka: katika ukame kama ule wa 2008 na 2009, wote huuza pamoja, bei ya ng'ombe huanguka wakati bei ya mahindi ikipanda, na mwenye kundi hulazimika kutoa ng'ombe wengi kwa magunia machache. Kwa mkazi wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, na kikapigwa marufuku tena 2009. Nafaka yake hutoka sokoni, na fedha ya nafaka hutoka zizini.

5.0 Ushahidi wa Soko la Hisa la Dar es Salaam

Mwenendo wa hisa za benki mbili unaonesha nguvu na mipaka ya kushikilia. Hisa za NMB ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600 kila moja. Mwaka 2024 bei yake sokoni ilivuka shilingi 5,000. Bila kuhesabu gawio, huo ni ukuaji wa takriban asilimia 14 kwa mwaka kwa miaka 16. Aliyenunua na kutulia alilipwa vizuri.

CRDB ina historia yenye mabonde. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Mwaka 2014 Serikali iliondoa ukomo wa asilimia 60 uliowazuia wawekezaji wa nje, na mahitaji ya hisa za DSE yakaongezeka. Mwaka 2015 benki hiyo iliwauzia wanahisa wake hisa za nyongeza kwa shilingi 350. Mwishoni mwa 2019 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 100. Mwaka 2023 ilivuka shilingi 400. Aliyenunua kwa 350 alishuhudia zaidi ya theluthi mbili ya mtaji wake ikipotea katika hesabu, na ili arudi alipoanza, bei ilihitaji kupanda kwa asilimia 250 kutoka sakafuni. Ilipanda. Lakini faida ya kupanda huko ilimfikia tu yule aliyekuwa bado ana hisa mkononi.

Je, mvizia bei hakuweza kununua kwa 100 na kuuza kwa 400? Kwa kutazama nyuma, jibu ni rahisi. Kwa kutazama mbele, mwaka 2019 hakukuwa na kengele iliyotangaza kwamba 100 ndiyo sakafu. Hisa iliyoshuka kutoka 350 hadi 200 ilionekana rahisi, na aliyeinunua kwa 200 aliiona ikishuka tena kwa nusu. Zaidi ya hayo, si kila hisa hurudi. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2017 kwa shilingi 850, na kwa miaka mingi baadaye bei yake sokoni ilikaa chini ya hapo. Aliyeweka akiba yote katika hisa hiyo alikuwa ameshikilia, lakini alikuwa ameshikilia kampuni moja.

Kuna vikwazo viwili vya kimuundo vinavyomkabili mvizia bei wa DSE kuliko mwenzake wa Marekani. Cha kwanza ni uchache wa hisa zinazozunguka. Katika NMB, kwa mfano, kampuni ya Arise imeshikilia asilimia 34.9 na Serikali asilimia 31.8, hivyo ni theluthi moja tu iliyobaki kwa wengine wote, na wengi wao hawauzi. Agizo la kuuza linaweza kukaa siku kadhaa bila mnunuzi. Utabiri sahihi usioweza kutekelezwa kwa wakati hauna thamani. Inawezekana bei za soko changa kama hili zikawa na mwelekeo unaotabirika kuliko nadharia ya Fama inavyodai, lakini kutabirika si sawa na kufaidika.

Kikwazo cha pili ni tozo. Kwa mwekezaji mdogo, jumla ya malipo ya dalali na tozo za soko hukaribia asilimia 2 ya thamani ya muamala, anaponunua na anapouza. Tuchukue mfano wa kufikirika wa mtu mwenye shilingi 1,000,000 anayeingia na kutoka sokoni mara nne kwa mwaka. Hiyo ni miamala minane. Iwapo bei hazikubadilika kabisa, mwisho wa mwaka atabaki na takriban shilingi 851,000. Anapaswa kupata faida ya asilimia 17.5 ili tu arudi alipoanza. Mwenzake aliyenunua mara moja na kutulia amelipa takriban shilingi 20,000, na kwa gawio lake la kampuni iliyoorodheshwa atakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 pekee.

6.0 Kuuza kwa kulazimika: kiini cha tatizo

Hadi hapa ushahidi unaelekea upande wa kushikilia. Tatizo ni kwamba kushikilia ni uamuzi unaoweza kuvunjwa na hali ya kaya. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020, kutokana na janga la UVIKO-19, idadi ilishuka hadi 620,867. Karatu ni mji wa kupita na kulala wa wanaokwenda Bonde la Ngorongoro na Serengeti. Hoteli zilipofungwa, pigo halikuwa la mhudumu wa hoteli peke yake. Lilimfikia mwenye gari, muuza mboga, fundi cherehani na mwenye nyumba za kupangisha. Katika mji wa namna hiyo, ndugu anayekopwa wakati wa shida amepatwa na shida ileile.

Mfano wa kufikirika unaonesha uzito wa jambo hili. Kaya mbili zina shilingi 1,200,000 kila moja. Kaya ya kwanza inaweka zote katika hisa. Ya pili inaweka 800,000 katika hisa na 400,000 katika akaunti ya benki au katika mfuko wa ukwasi. Bei za hisa zinashuka kwa nusu, na mwaka huohuo kila kaya inahitaji 400,000 za chakula na ada. Hisa za kaya ya kwanza sasa zina thamani ya 600,000. Inauza theluthi mbili yake na kubaki na 200,000. Kaya ya pili inatumia akiba yake na haigusi hisa. Bei zinaporejea zilipokuwa, kaya ya kwanza ina 400,000 na ya pili ina 800,000. Zote mbili zilikusudia kushikilia. Zote zilinunua siku moja, kwa bei moja. Kilichozitofautisha ni akiba iliyokuwa nje ya soko.

Akiba hiyo ina gharama. Iwapo hakuna janga lililotokea na hisa zikapanda kwa nusu, kaya ya kwanza ingekuwa na 1,800,000 na ya pili 1,600,000, bila kuhesabu riba ya akiba. Shilingi 200,000 za tofauti ni bei ya kinga. Kwa mwajiriwa wa kudumu aliye mbali na sekta ya utalii, huenda bei hiyo ni kubwa. Kwa kaya ya Karatu au Ngorongoro, ambako ukame na kukosekana kwa watalii si matukio ya kubuni, ni vigumu kuiita ghali.

Hapa ndipo fasihi ya kimataifa inapohitaji kurekebishwa. Mjadala wa kuvizia na kushikilia huchukulia kwamba mwekezaji ana hiari ya kuuza au kutouza. Pale ambapo hiari hiyo haijahakikishwa, kaya hujikuta imevizia soko kinyumenyume: inanunua katika mwaka wa neema, wakati wote wana fedha na bei zinaelekea kuwa juu, na kuuza katika mwaka wa dhiki.

7.0 Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza ni kwamba kwa nini kaya isiache hisa kabisa na kuweka fedha zote katika hati fungani za Serikali, zinazopatikana kuanzia shilingi 1,000,000 na ambazo riba yake inajulikana mapema. Ni pingamizi lenye nguvu. Hata hivyo, hati fungani ya miaka 20 au 25 inapouzwa kabla ya kuiva nayo hupata bei ya siku hiyo. Swali la kulazimika halikwepeki. Linabadilisha mahali tu.

Pingamizi la pili ni kwamba kaya yenye mazao ya msimu haiwezi kununua kidogo kidogo kila mwezi kama inavyoshauriwa. Hili ni kweli, lakini lina faida yake iliyofichika. Anayenunua kila baada ya mavuno kwa miaka kumi amekwisha kutawanya manunuzi yake katika miaka ya bei ya juu na ya chini bila kutabiri lolote. Kalenda yake imewekwa na shamba, si na tetesi za soko.

Pingamizi la tatu linahusu hatari ya kampuni moja, kama ilivyoonekana katika sehemu ya tano. Kwa mwenye mtaji mdogo, vipande vya mifuko ya pamoja, kama ile inayosimamiwa na UTT AMIS, hutawanya hatari kwa namna ambayo hisa chache za kununua mwenyewe haziwezi. Tarajio la ukuaji mkubwa wa kampuni moja hupungua, na uwezekano wa kuanguka nayo hupungua pia.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba kuvizia bei katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kunamtaka mwekezaji mdogo apatie mara nyingi kuliko inavyowezekana kwa kawaida, katika soko ambalo agizo lake huenda lisitekelezwe kwa wakati, na kwa tozo zinazomega mtaji kila anapohama. Ustadi wa kusubiri bei ya mahindi hauhamishiki kwenye hisa, kwa kuwa hisa haina msimu. Kushikilia kuna ushahidi bora, kwa masharti mawili: uwekezaji usitegemee kampuni moja, na kaya iwe na akiba nje ya soko inayotosha kuivusha katika mwaka mbaya.

Kwa watoa elimu ya uwekezaji, matokeo haya yanaelekeza mpangilio wa mafunzo. Swali la kwanza kwa mwekezaji wa Karatu au Ngorongoro lisiwe hisa gani inapanda, bali kaya yake ingeishi miezi mingapi bila watalii, bila mvua au bila bei nzuri mnadani, kabla ya kulazimika kuuza. Kwa watafiti, linabaki pengo la kujazwa: kupima, kwa takwimu za kaya zenyewe, ni sehemu gani ya mauzo ya wawekezaji wadogo wa DSE hutokana na maoni yao kuhusu soko na ni sehemu gani hutokana na shida. Iwapo sehemu ya pili ndiyo kubwa, kama uchambuzi huu unavyoashiria, basi elimu ya kuwatuliza wawekezaji wasiogope bei inaposhuka itakuwa imelenga tatizo dogo, kwani wengi wao watakuwa wameuza bila kuogopa chochote isipokuwa njaa na ada.